Chakula, Unene na Huzuni ya Moyo: Uhakiki wa Kazi ya Profesa Felice Jacka

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuumba na kutupa riziki za kila namna, za bara na za bahari, na tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu za pwani kuna mambo mawili ambayo watu huyasema kwa wepesi sana. La kwanza ni unene. Zamani mtu akinenepa aliambiwa kuwa raha zimemkubali, na mke akinenepa alisifiwa mumewe kuwa anamtunza. Siku hizi maneno yamegeuka: mnene huambiwa mvivu, mlafi, hajui kulizuia tumbo lake. Jambo la pili ni huzuni. Mtu akishikwa na huzuni isiyomtoka, akawa hali vizuri, halali, hataki kuonana na watu, wengine husema imani yake imepungua, wengine husema amefanyiwa jambo, na wengine husema anajidekeza. Maneno hayo yote hutoka katika ndimi zilezile za barazani na ukumbini, na mara nyingi humwangukia mtu mmoja, kwani mnene mwenye huzuni si mgeni kwetu. Huenda akawa dada yetu, huenda akawa mama wa watoto wetu, huenda akawa kijana aliyemaliza chuo akakosa kazi, akawa anashinda chumbani na chupa ya soda.

Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kuwaletea wasomaji wetu uhakiki wa kazi ya mtaalamu mmoja wa Australia, Profesa Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin. Bibi huyu ametumia miaka mingi kuuliza swali moja: je, chakula anachokula mtu kina athari gani juu ya huzuni na furaha ya nafsi yake? Mwaka 2013 alianzisha jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa somo hili, na katika chuo chake anaongoza kituo kinachochunguza chakula na hali ya moyo. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha kusomwa na watu wa kawaida kiitwacho Brain Changer, ambamo ameeleza safari yake na matokeo ya tafiti zake. Tutatazama aliyoyapata, kisha tutasema lipi jema la kushikwa na lipi lenye upungufu, na mwisho tutaangalia lina faida gani kwa majiko yetu.

ALIYOYATAFUTA NA ALIYOYAPATA

Mwaka 2010 Jacka na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 1,046 wa upande wa Geelong, wenye umri wa miaka 20 hadi 93. Waliwauliza wanakula nini, kisha wakawapima kwa mahojiano ya kitabibu kama wana maradhi ya huzuni, ambayo kwa Kiswahili cha leo huitwa sonona, au maradhi ya wasiwasi. Wale waliokula mboga, matunda, nyama, samaki na nafaka zisizokobolewa walionekana kuwa na maradhi hayo kwa uchache. Wale waliozoea vyakula vya kukaangwa, vya viwandani, unga mweupe, vitu vya sukari na pombe ya bia walionekana na dalili nyingi zaidi.

Hapa mtu mwenye akili atauliza: kipi kilitangulia? Je, chakula kibaya kilileta huzuni, au mwenye huzuni ndiye asiye na nguvu ya kupika, akawa anakula biskuti na chai? Swali hili ni zito, na watafiti wenyewe wanalijua. Mwaka huohuo wa 2010 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti 15 zilizofuatilia watu 58,745 kwa muda mrefu, wakauliza juu ya unene na sonona. Waliona kwamba watu wenye unene wa kupindukia walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 55 ya kuja kupata sonona, na wenye sonona walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 58 ya kuja kupata unene wa kupindukia. Maana yake ni kwamba njia hii hupitwa pande zote mbili. Unene huvuta huzuni, na huzuni huvuta unene, na mtu akishaingia katika mzunguko huo hajui ameingilia mlango gani.

Mwaka 2015 Jacka akatoa uchunguzi mwingine, wa watu 255 walioanza kuchunguzwa wakiwa na umri wa miaka 60 na kitu. Ubongo wao ulipigwa picha mara mbili, kukiwa na muda wa kama miaka minne kati ya picha na picha. Kuna sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kujifunza, nayo pia huhusishwa na sonona. Waliokula vizuri walikutwa na sehemu hiyo ikiwa kubwa zaidi upande wa kushoto, na waliokula vibaya walikutwa nayo ikiwa ndogo. Sisi wazee wa miaka sitini habari hii haituachi tukae kwa raha mbele ya sahani ya halua.

Lakini jambo lililompa sifa ni jaribio lake lililotangazwa Januari 2017. Alichukua watu 67 wenye sonona ya kadiri hadi kali, ambao chakula chao kilikuwa duni, akawagawa kwa kura. Watu 33 walipewa mtaalamu wa lishe, aliyekaa na kila mmoja wao mara saba, kila mara kwa muda wa saa nzima, katika wiki 12. Watu 34 walipewa mtu wa kuzungumza nao kwa muda uleule na mara zilezile, wakiongea habari za michezo na mambo mengine ya kawaida, au wakicheza karata, bila ya kugusa habari za chakula wala za ugonjwa. Chakula kilichofundishwa kilifuata desturi ya watu wa bahari ya Mediterania: nafaka zisizokobolewa, mboga kwa wingi, matunda, kunde na maharage, korosho na karanga zisizotiwa chumvi, samaki, mayai, kuku, nyama kiasi, maziwa yasiyotiwa sukari, na mafuta ya zeituni. Peremende, keki, soda, chipsi na nyama za viwandani zikapunguzwa zisizidi mara tatu kwa wiki.

Walipofika mwisho wa wiki 12, katika watu 31 wa kundi la chakula waliomaliza, watu 10 walikuwa wametoka katika sonona, nayo ni asilimia 32. Katika watu 25 wa kundi la mazungumzo waliomaliza, waliotoka ni 2, nayo ni asilimia 8.

YALIYO MEMA YA KUSHIKWA

Jema la kwanza, na kwa maoni yetu ndilo kubwa, ni kwamba jaribio hili halikuwasimamisha watu juu ya mizani. Washiriki waliambiwa wale mpaka washibe. Hakuna aliyeambiwa apunguze uzito, na kwa hakika uzito wao ukilinganishwa na urefu wao haukubadilika. Pamoja na hayo huzuni yao ilipungua. Basi anayedhani kwamba mnene hawezi kupata nafuu ya moyo mpaka mwili wake ukonde, na arudi asome tena. Ni watu wangapi katika mitaa yetu waliokata tamaa ya chakula kizuri kwa sababu walikula mboga mwezi mmoja, wakapanda mizani, wakaona namba ni ileile, wakarudia chipsi? Lau wangaliambiwa kuwa faida haionekani katika mizani peke yake, pengine wangalivumilia.

Jema la pili ni kwamba amekirudishia chakula cha kawaida heshima yake. Siku hizi kuna biashara kubwa ya vidonge vya virutubisho, na wauzaji wengine wamejua kuchanganya ndani yake maneno ya dini na habdasoda ili Waislamu wanunue. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Ulaya, lililofanywa Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Hispania, la watu 1,025 wenye uzito uliozidi ambao walikuwa na dalili za huzuni lakini hawajafikia sonona. Nusu yao walipewa vidonge vya virutubisho kwa mwaka mzima, na nusu vidonge visivyo na kitu. Vidonge vile vya virutubisho havikuzuia sonona. Basi pesa ya kidonge ni bora iende sokoni ikanunue mchicha na dagaa.

Jema la tatu ni kwamba ameitoa huzuni katika mlango wa lawama. Akisema kwamba sonona inahusiana na damu, tumbo na ubongo, anatukumbusha jambo ambalo wazee wetu katika dini walilijua kabla yake kwa miaka elfu na zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi, na akatenga huzuni mbili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu bila ya yeye kujua sababu, ambayo aliiona inatokana na mwili. Hakusema kwamba wenye huzuni ya namna hii wamepungukiwa na imani. Naye Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika mpaka macho yake yakaingia weupe, na ni nani atakayethubutu kuipima imani yake? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni. Lau huzuni ingalikuwa ni dhambi ya mdekaji, asingalitufundisha kuomba kinga nayo kama tunavyoombea kinga na maradhi na madeni.

YENYE UPUNGUFU

Hata hivyo, si haki kusifu bila ya kupima. Kazi hii imebebwa na magazeti na wauza vitabu mpaka imepewa uzito kuliko iwezavyo kuubeba, na baadhi ya mambo ndani yake yanataka kusemwa wazi.

Kwanza ni udogo wa idadi. Jaribio lilipangwa kuwa na watu 176, wakapatikana 67. Watu 10 kwa watu 2 ni tofauti ya kutia moyo, lakini mtu hajengi nyumba ya ghorofa juu ya nguzo mbili. Zaidi ya hayo, walioingia walijua kuwa jaribio linahusu chakula, na aliyepewa chakula alijua amepewa, na aliyepewa mazungumzo alijua amekosa. Katika kundi la mazungumzo waliacha watu 9 kabla ya mwisho, na katika kundi la chakula waliacha 2 tu. Mtu aliyekuja akitaraji dawa akapewa karata, huenda moyo wake ukavunjika, na aliyepewa alichokitaka akapona kwa sehemu kwa sababu ya matumaini. Tena katika lile jaribio la watu 1,025 tulilolitaja, kulikuwa pia na kundi lililofundishwa namna ya kubadili tabia za kula, na mafunzo hayo hayakuzuia sonona. Ni kweli kwamba hao hawakuwa na sonona tangu mwanzo, na kukinga si sawa na kutibu. Lakini anayelinukuu jaribio la watu 67 na kulinyamazia la watu 1,025, huyo amechagua ushahidi.

Pili, wengi wa washiriki wa Jacka walikuwa tayari wanatumia dawa au wanatibiwa kwa mazungumzo na wataalamu, na chakula kiliongezwa juu ya matibabu hayo. Hakikuchukua nafasi yake. Tunalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu tunajua jinsi habari inavyosafiri kutoka mdomo hadi mdomo: leo itasemwa kuwa chakula husaidia huzuni, na kesho kutwa mtu atamnyang'anya nduguye vidonge vya hospitali na kumpa supu ya pweza. Anayefanya hivyo atajibu mbele ya Mola wake. Mtu asiache dawa aliyoandikiwa ila kwa shauri la aliyemwandikia.

Tatu ni habari ya mvinyo. Katika mpango wa chakula wa jaribio lile, mtu aliruhusiwa hadi glasi mbili za mvinyo kwa siku, pamoja na chakula. Kwetu sisi hili halina mjadala, kwani kilichoharamishwa hakigeuki halali kwa kuwekwa kando ya samaki. Lakini hata ukiacha hukumu ya dini, mpango huu una mgongano ndani yake. Katika uchunguzi wake wa 2010 bia imetajwa miongoni mwa vitu vya chakula kibaya. Mwaka 2017 mvinyo umeruhusiwa katika chakula cha kuwatibia wenye sonona, watu ambao pombe ndiyo adui yao wa karibu. Na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Basi Mwislamu asiyekunywa ajue kwamba katika kipengele hiki hakupungukiwa na kitu.

Nne, na hapa ndipo penye jambo tunalotaka wasomaji wetu walizingatie kuliko yote. Matokeo yale yamesomwa na wengi kama orodha: kula hiki, acha kile. Orodha hubandikwa ukutani, kisha mgonjwa huachwa nayo. Lakini tazama kilichofanyika kwa kweli. Kila mtu katika kundi la chakula alikaa na mtaalamu kwa saa saba, akasikilizwa anapenda nini, anaweza kununua nini, na anashindwa wapi. Tena alipewa kapu la vyakula na maelezo ya kuvipika. Hakuambiwa tu nenda kale vizuri. Palikuwa na mkono uliomletea.

Na katika mafundisho yetu jambo ni hilohilo. Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, alipokuwa na msiba katika jamaa zake, na wanawake waliokuja wakatawanyika wakabaki wa karibu, aliamrisha ipikwe talbina, nayo ni uji mwepesi wa shayiri, na akasimulia kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba uji huo huutuliza moyo wa mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni. Hadithi hii imo katika Sahih ya Bukhari. Na alipouawa Jaafar bin Abi Talib, Mtume aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Angalia, ndugu yangu, katika habari zote mbili mwenye huzuni hakuambiwa aende jikoni. Wengine ndio waliosimama jikoni, na chakula kikamfuata alipo.

Sisi watu wa pwani hatukuipoteza sunna hii katika matanga. Mtu akifiwa, majirani huleta masufuria, na jiko la mfiwa hupumzika. Lakini mwanamke aliyejifungua, akapita arubaini, wageni wakaondoka, naye akabaki na huzuni isiyo na jina, ni nani anayemletea hata bakuli la uji? Yeye ndiye anayeamka kabla ya alfajiri kukanda mahamri, ndiye anayekuna nazi, ndiye anayepakulia watu kisha akala makombo yaliyobaki sufuriani akiwa amesimama. Ukimpa mwanamke huyu orodha ya Profesa Jacka, ukamwambia kuwa ugonjwa wake ni kwa sababu hali vizuri, utakuwa umemwongezea mzigo wa kumi juu ya tisa alionao. Elimu iliyokuja kumwondolea lawama imegeuzwa fimbo ya kumpigia. Kosa hilo si la mtafiti peke yake, ila kitabu kinachosema na mtu mmoja mmoja juu ya sahani yake bila ya kuuliza kwa ukali ni nani anayepika na ni nani anayelipa, kimeacha mlango wa kosa hilo wazi.

Mtu anaweza kutujibu kwamba jaribio lilionyesha kinyume: waliopewa mwenzi wa kuzungumza naye hawakupona ila wawili, kwa hiyo ujamaa hausaidii. Hoja hii ina nguvu, na hatuwezi kuikwepa. Inawafaa hasa wale wanaomwambia mwenye sonona kuwa dawa yake ni kutoka nje na kukaa na watu, kisha wakadhani wamemaliza. Maongezi peke yake hayakutosha. Lakini mzungumzaji yule alikuwa mtumishi wa utafiti, anayekuja kwa saa iliyopangwa na kuondoka, wala haruhusiwi kuligusa linalomuuma mgonjwa. Mama anayekaa na binti yake wakachambua mchicha pamoja, huku wakizungumza la moyoni, huyo amemletea chakula na maneno kwa wakati mmoja. Jaribio lile liliyatenganisha mambo hayo mawili ili liyapime, nayo ni haki ya mtafiti. Sisi hatuna haja ya kuyatenganisha.

FAIDA KWA MAJIKO YETU

Atasema msomaji: mafuta ya zeituni yana bei, na vyakula vya Mediterania si vyetu. Juu ya bei, watafiti wa jaribio lile walipiga hesabu wakaona kuwa chakula walichokifundisha kiligharimu kama dola 112 za Australia kwa wiki, na washiriki walikuwa wakitumia kama dola 138 kabla yake. Soda, chipsi na vitu vya pakiti vinakula pesa kuliko tunavyodhani. Na juu ya ugeni wa vyakula, Aprili 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kilimanjaro, Tanzania, kwa vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili, kama mboga za majani, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya mtindo wa kizungu vya viwandani na vya kukaangwa, na wengine wakahamishwa kinyume chake. Damu ya waliohamia vyakula vya kizungu ilionyesha dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, na kinga yao dhidi ya vijidudu ikadhoofika. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, dalili hizo zilipungua. Kundi jingine lilipewa mbege, na hiyo tunawaachia wenyewe. Jaribio hili lilipima damu, halikupima huzuni. Lakini kuwaka huko kwa ndani ni miongoni mwa njia ambazo Jacka na wenzake wanaona huunganisha chakula na sonona. Basi majirani zetu wa mlimani wametuonyesha kwamba chakula cha bibi zetu si cha kuonea haya.

Pwani tunavyo: samaki na dagaa, kunde, choroko na mbaazi, mchicha, kisamvu na matembele, muhogo wa kuchemsha, uwele na mtama, ufuta na korosho, papai, embe na machungwa. Tunavyo, ila tumevishusha cheo. Mgeni akija tunaona aibu kumwekea mbaazi, tunatuma mtoto dukani akalete soda. Chai yetu imekuwa sukari iliyotiwa majani. Na mwezi wa Ramadhani, ambao ni wa kulitia adabu tumbo, katika nyumba nyingi umekuwa ndio mwezi wa sambusa, kachori na viazi karai vilivyozama mafutani, baada yake tambi za sukari na kaimati. Qur'ani imetuhalalishia vizuri na ikatukataza israfu, na Mtume ametufundisha kuwa tumbo likibidi kujazwa, theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mafunzo hayo hayana haja ya kungoja majaribio ya Australia.

Yapo mambo ya kuanza nayo, tena ni mepesi. Baba wa nyumba anayetaka watu wake wale vizuri na aende sokoni yeye mwenyewe, alete samaki na mboga kabla ya kulaumu kilichopikwa. Wanaume na vijana washike kisu na mbuzi ya nazi, kwani Mtume alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi zao. Mwenyeji asimlazimishe mgeni kujaza sahani mara ya tatu kwa kisingizio cha ukarimu. Mnene asiitwe kwa unene wake, wala kwa mzaha, kwani mzaha huo ndio unaompeleka chumbani kula peke yake. Na tukimjua mtu ambaye huzuni haimtoki, tumpelekee chakula kizuri kama tunavyompelekea mfiwa, tule naye, kisha tumsindikize kwa tabibu. Na dua tusiziache, kwani dua haigombani na dawa wala na sahani.

Hukumu yetu basi ni hii. Kazi ya Profesa Jacka ni ya kusomwa na kushukuriwa. Ameonyesha kwa subira kwamba chakula kina fungu lake katika huzuni ya binadamu, na ya kwamba nafuu ya moyo haiingojei mizani. Ushahidi wake mkubwa bado ni mdogo, mvinyo wake si wetu, na orodha yake haina faida mikononi mwa mtu aliyeachwa peke yake jikoni. Anayeichukua na aichukue pamoja na kapu, sufuria na mikono ya kupikia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu, aziponye nafsi zilizoelemewa, atuhifadhi na ndimi zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaolisha na kufariji. Amin.

Wabillahi tawfiq.